Mpigaji Kafika!

Tanga hukosi spoki. Mji wetu ni wa baiskeli tangu enzi za babu zetu, na ukikatiza barabara za Ngamiani, zile zinazoitwa kwa namba, kila baada ya nyumba kadhaa utamkuta fundi chini ya mti kageuza baiskeli ya mtu miguu juu. Ndiyo maana nilipoamua kutengeneza gitaa la galoni, la kupigwa kweli na si la kuchezea watoto, suala la freti halikunisumbua. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Unabana uzi nyuma ya chuma, sauti inapanda. Spoki ina unene wa milimita 2, chuma chake kigumu, na jirani yangu fundi baiskeli huziweka zilizopinda kwenye kopo la maziwa, anawagawia watoto wanaounda vigari vya waya. Spoki moja inatoa vipande vitano vya kutosha upana wa shingo. Nilitaka freti 12, kwa hiyo spoki tatu ziliniridhisha, na bei yake ilikuwa kumsikiliza mzee.

Hiyo bei ndiyo kubwa. Kila mzee wa Tanga mwenye umri wake aliwahi kubeba spika za Atomic Jazz au za Jamhuri Jazz. Sijapata kukutana na hata mmoja aliyekuwa msikilizaji tu. Huyu wangu alibeba za bendi zote mbili, na humo ndimo alimojifunzia magitaa.

"Mjukuu wangu, freti hazipangwi kwa macho," akaniambia. "Unapima uzi kutoka juu mpaka darajani, unagawa kwa 18. Hapo freti ya kwanza. Kinachobaki unagawa tena kwa 18. Hapo ya pili. Unakwenda hivyo hivyo."

"Babu, siyo 18. Ni 17.817."

"Hiyo nukta nane moja saba umeitoa wapi?"

"Kwenye hesabu."

"Hesabu imepiga dansi wapi?"

Mzee alikuwa na wenzake wa kale. Vincenzo Galilei, mpigaji wa luti, chombo cha Ulaya kilichotokana na udi, naye baba mzazi wa yule Galileo wa darubini, aliandika 18 hiyo hiyo mwaka 1581. Kasoro yake ni kwamba freti ya 12 lazima ikae katikati kabisa ya uzi. Uzi wangu ulikuwa wa milimita 650, kati yake ni 325. Ukigawa kwa 18 mpaka mwisho unaangukia 322 na ushei, yaani umekosa kwa zaidi ya unene wa spoki yenyewe. Nilimwonyesha kwenye simu. Akasema simu haina masikio.

Nikaenda zangu nyumbani na 17.817 yangu. Hapo niseme wazi: mahesabu yale yalikuwa sahihi, na mpaka leo hakuna aliyeyapinga kwa kalamu. Yaliyofuata yana wenyewe.

Galoni lilikuwa debe la mafuta ya kula, tayari nimeshalifunga kwenye shingo ya mninga niliyoiokota kwa seremala miongoni mwa vipande vya kuchomea. Jiliwa sina, kwa hiyo shingo niliibana kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi ukiifungua miguu yake inapishana, ukilaza ubao kwenye ile njiapanda kisha ukaikalia, ubao hauendi popote. Tatizo ni kwamba meno ya mbuzi yanabaki mbele yako yakikutazama, na kila ukisukuma tupa unakumbuka yalipo. Msumeno ulikuwa kipande cha wembe wa msumeno wa chuma, nimekizungushia mpira wa tyubu pale pa kushika. Nilichora mstari, nikakwaruza kwa msumeno, kisha nikapanua mfereji kwa tupa ya pembetatu mpaka nusu ya spoki ikazama na nusu ikabaki juu. Mninga una harufu nzuri ukiupiga tupa, vumbi lake jekundu lilinijaa mapajani. Nilipofika mfereji wa 12 nilikuwa nimeshaanza kujiita fundi kimoyomoyo.

Mifereji mingine ilitoka mipana kuliko spoki. Si kosa la tupa, ni mbuzi ilikuwa inacheza. Basi nikakumbuka mbinu ya mafundi viatu: unatia supagluu, unanyunyizia unga wa magadi, vinashikana papo hapo vikawa jiwe. Magadi yalikuwepo jikoni, mke wangu anayatilia maharage. Supagluu nilinunua dukani tyubu ndogo ile ya kuchana kwa jino.

Ninachotaka watu wajue kuhusu gundi ile ni kwamba haikauki kwa upepo. Inaganda kwa unyevu. Sasa jua la Tanga mchana, mtu kakalia mbuzi, kashikilia chuma kwa vidole, unyevu uko wapi kama si kwenye vidole? Freti ya kwanza mpaka ya nne zilikaa vizuri. Ya tano ilikuwa na kipaji cha kuruka. Nikaibana kwa dole gumba la kushoto, kidole cha shahada kikiwa chini ya shingo, nikamimina gundi, nikanyunyiza magadi. Ikatoa mvuke, na joto lake likapita kwenye spoki mpaka kwenye dole. Nikashtuka, tyubu ikabinyika, gundi ikateremka mbavuni mwa shingo. Nikanyoosha mkono wa kulia nyuma yangu, kwenye kamba ya nguo, nikavuta kitambaa cha kwanza nilichokipata nifute.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kanga. Kanga ni pamba, na pamba ikikutana na supagluu inachemka. Sisemi kwa kutia chumvi, moshi ulitoka. Nilijaribu kuipuliza, kuikung'uta, kuiomba. Moshi ulipokwisha, dole gumba na shahada vilikuwa vya gitaa, kanga ilikuwa ya gitaa, na tyubu yenyewe ilikuwa imejibandika ubavuni, kichwa chini, bado inadondosha tone moja moja.

Mke wangu alikuwa ametoka. Nilikwenda kwa mzee wa baiskeli na mzigo wangu mkononi. Akanitazama, akaitazama freti ya tano.

"Umegawa kwa ngapi?"

"Babu, nimeganda!"

"Nimeuliza umegawa kwa ngapi."

Akapendekeza nibandue kwa nguvu, nikakataa, kwa sababu ngozi ni yangu. Akapendekeza mafuta ya kulainishia mnyororo, tukajaribu, nikawa nimeganda na nimekuwa mweusi. Ndipo nikaamua kwenda hospitali. Bodaboda mbili zilinikatalia. Mmoja alisema gitaa lile litampiga kichogoni akikata kona. Nikatembea.

Sasa niwaombe mjenge picha. Mtu kashika gitaa la debe kwa mkono wa kushoto, shingo juu, mkao kamili wa mwanamuziki, na kwenye ile shingo imening'inia kanga ya rangi ya machungwa inapepea kama bendera. Na kanga haiendi mtaani bila jina lake. Hii iliandikwa HAYAWI HAYAWI SASA YAMEKUWA.

Asiyejua, hayo ni maneno ya harusi.

Nikakata kona, turubai limefungwa barabara nzima. Viti vya plastiki vimejaa wanawake waliovaa sare, masufuria ya pilau yanafuka, na hakuna sauti ya ngoma wala ya spika. Mama mmoja mnene, jasho limemwondolea wanja, akaniona, akaiona kanga. Akapiga kigelegele ambacho sijui alikuwa amekihifadhi tangu saa ngapi.

"Mpigaji kafika!"

"Shikamoo, mama. Mimi siye. Mimi nimeganda."

"Sisi ndio tuliokwisha ganda, mwanangu! Tangu adhuhuri tunakungojea wewe! Haya ingia, ingia!"

Nikavutwa. Nilijaribu kueleza, lakini nani husikiliza mtu mwenye gitaa? Niliketishwa kiti cha mbele, nikaletewa soda, na mkono wa kunywea ndio huo huo mmoja uliobaki. Bibi mmoja aliyekuwa karibu ndiye wa kwanza kuchungulia.

"Mbona gitaa lenyewe halina nyuzi?"

Kimya. Wanawake zaidi ya mia wananitazama. Mimi ningesema nini? Mkono wa kulia ukajiendea wenyewe, ukalipiga debe. Debe la mafuta likiwa tupu lina sauti, wallahi. Ukilipiga katikati linaunguruma, ukilipiga pembeni linalia kavu. Nikapiga unguru, unguru, kavu. Mama wa mbele akaitika kwa makofi. Mwingine akaanzisha wimbo. Punde si punde wako kati wanazungusha viuno, vumbi linapanda, na mimi kiganja kinawaka moto. Wapo walionisifu kwamba mkono wa kushoto nimeutuliza sana, sina mbwembwe.

Kisha wakaanza kunitunza. Mama wa bibi harusi alikuja akicheza taratibu, noti ya 10,000 ameikunjua, akataka kunibandika kwenye paji la uso. Paji lilikuwa limelowa jasho, noti ikateleza. Akaibandika kwenye shingo ya gitaa. Pale pale tyubu ilipokuwa inadondosha.

Ikashika. Wakaona, wakashangilia, wakadhani ni ufundi. Zikaja za 2,000, za 5,000, nyingine zikapata gundi nyingine zikaanguka chini. Mtoto mmoja akawa anaziokota ananirundikia miguuni, mwaminifu kabisa, nitamkumbuka.

Aliyeniokoa ni mpambaji. Alitoka chumbani kwa bibi harusi kuja kuangalia kelele, akaniangalia vidole kwa jicho la kazi. Wapambaji wanazijua gundi; kucha za bandia zinabandikwa kwa gundi ya ukoo huo huo. Akanivuta uani bila maswali, akatoa chupa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, yenye asetoni, akaniloweka kwenye kibakuli cha plastiki. Baada ya muda akapitisha kijiti taratibu kati ya dole na ubao, kikapenya. Kidole cha shahada kilifuata. Kanga ilikataa kabisa, ilikuwa imegeuka kigae. Akachukua mkasi akaikata. Noti ya 10,000 niliing'oa mwenyewe kwa pupa, tembo akabaki bila kichwa. Asetoni nayo haikuchagua: freti zangu nne nzuri zikang'oka moja moja, zikatumbukia kwenye kibakuli.

Nilikuwa bado nalowana pale uani wapigaji wenyewe walipowasili, na kiongozi wao akataka kujua ni nani aliyemkatia riziki. Nilitokea mlango wa nyuma.

Nyumbani nilimkabidhi mke wangu kanga kwa mikono miwili. Akaikunjua. Lile pande lililobaki liliishia HAYAWI HAYAWI SASA.

Akanitazama. "Sasa nini?"

Zile noti zilinunua doti mpya, na chenji sikuiona.

Freti nimeziweka upya, bila gundi. Mzee wa baiskeli ndiye aliyetoa wazo, na atalitaja mpaka kaburini: unafunga mshipi wa kuvulia samaki kuzunguka shingo, unaukaza fundo, basi. Kuna vyombo vya Uturuki vinavyofungwa freti hivyo mpaka leo, na uzuri wake ni kwamba ikikosea unaisogeza. Mzee anapopita huzisogeza kwenye 18 yake, akiondoka nazirudisha kwenye 17.817. Nyuzi nimetia, za waya wa breki nilizozifumua, na gitaa linaimba.

Wiki iliyopita kanipigia mama mmoja wa Makorora, ana harusi ya binti yake. Nikamwambia bila shaka, nakuja, tena safari hii gitaa limekamilika.

"La, mwanangu," akasema. "Nyuzi ziache nyumbani."