Bahari Tunayo Shangani: Ukienda Dar, Lala Mjini

Kila ikifika Novemba, korosho zimeshaanza kupita mnadani na fedha zinaingia kwenye akaunti za wakulima, simu yangu haipumziki. Jamaa wa Newala, Tandahimba, Masasi na hapa hapa Mtwara mjini wananiuliza swali moja: "Dada, mwaka huu tunataka tuipeleke familia Dar, tulale hoteli nzuri kweli kweli. Tufikie wapi?" Wananiuliza mimi kwa sababu nimeshampeleka mama yangu mara mbili, na mara ya kwanza nilikosea vibaya. Nimeona niandike kila kitu mahali pamoja.

Kama unatoka Mtwara au Lindi na una fedha ya kulala hoteli ya hadhi kwa siku chache, usiende hoteli za ufukweni. Lala katikati ya jiji, Posta au Kivukoni, mahali ambapo ukitoka mlangoni umeshafika mjini.

Mara ya kwanza nilifanya kama wafanyavyo wengi: nilifungua simu nikaangalia picha. Zilizonivutia zote zilikuwa za bwawa la kuogelea, minazi, na viti vya kujilaza vilivyopangwa juu ya mchanga mweupe. Nikachagua hoteli moja kaskazini mwa jiji, upande wa njia ya Bagamoyo, nikalipia siku tatu. Tukatoka Mtwara na basi la alfajiri, mimi, mama na mwanangu wa miaka tisa. Karibu kilomita 560: Mingoyo, Nangurukuru, Somanga, Daraja la Mkapa pale Rufiji, Kibiti, Mkuranga. Tukaingia Mbagala jioni, tumechoka hoi. Kumbe safari ya pili ndiyo kwanza inaanza, maana sisi wa kusini tunaingilia kusini mwa jiji na hoteli yetu ilikuwa huko mwisho wa kaskazini. Tumevuka jiji zima kwenye foleni. Tulipofika ilikuwa saa tatu usiku, mama amevua viatu kwenye taksi, miguu imemvimba.

Asubuhi nikamtoa kibarazani nikamwonyesha mandhari niliyoyalipia. Akaangalia maji, akaangalia minazi, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hii si ndiyo bahari tuliyoiacha Shangani?"

Sikuwa na la kumjibu. Sisi bahari tumezaliwa nayo. Tuna Shangani, ufukwe wa hapa Mtwara mjini, tuna Msangamkuu ng'ambo tu ya maji, tuna Msimbati ambako gari linatembea juu ya mchanga. Mtu wa Lindi akiamka anaiona ghuba kabla hajanawa uso. Wageni wanatoka Ulaya kuja Mikindani kulala kwenye boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, na wanakuja kwa ajili ya bahari hiyo hiyo tunayoipa mgongo kila siku. Mtu wa Dodoma au Tabora akiniambia anataka hoteli ya ufukweni nitamwelewa na nitamsaidia kuitafuta. Ila sisi tukienda jiji kubwa tunafuata jiji. Katika siku zile tatu mama aliuona mji mara moja tu, tena kupitia dirisha la gari, kwa sababu kutoka kule hadi Posta ni zaidi ya kilomita 20 na foleni inakula nusu ya siku.

Mara ya pili nilianza na ramani, picha nikaziacha zije baadaye. Hoteli kubwa za katikati ya Dar zimekaa karibu karibu. Ile Kilimanjaro ya zamani, iliyofunguliwa mwaka 1965 na ambayo wazee wetu waliitaja kama kipimo cha ukubwa wa Dar, bado ipo ikitazama bandari, leo ni Hyatt Regency. New Africa, iliyo chini ya jina la Four Points, imesimama mahali palipokuwa na hoteli ya Kijerumani iliyoitwa Kaiserhof. Serena iko mtaa wa Ohio, jirani na viwanja vya Gymkhana. Sitasema ipi kati ya hizo na nyinginezo ni bora, na wala sitasema mimi nililala ipi, kwa sababu meneja akibadilika hoteli nayo inabadilika. Ninachosema ni kwamba eneo halibadiliki.

Na eneo ndilo lililonipa siku bora kuliko zote. Tulimaliza chai ya asubuhi, tukatoka kwa miguu, taratibu, kwa mwendo wa mama. Tukapita kanisa la Azania Front, tukaingia mitaa ya ndani mpaka kwenye Sanamu ya Askari barabara ya Samora. Mimi nilikuwa nimekusudia tupige picha tuendelee. Mama akavaa miwani, akasogea kwenye maandishi ya Kiswahili, akaanza kuyasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Sanamu ile iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake yanawataja askari, kisha yanawataja na wale waliobeba mizigo. Hapo kwenye mizigo mama akanyamaza. Yeye ni mzaliwa wa Nyangao, Lindi, jirani na Mahiwa, ambako mwezi Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana moja ya vita vikali kuliko vyote katika nchi hii. Babu yake alichukuliwa kubeba mizigo. Hadithi hiyo niliisikia utotoni nikiwa nimelala mkekani, sikuwahi kumwona mama akiisimulia amesimama katikati ya jiji, magari yanampita kulia na kushoto. Mwanangu akamuuliza, "Bibi, alirudi?" Akamjibu, "Asingerudi, wewe ungetoka wapi?"

Mchana tukapanda taksi kwenda Kariakoo, nikamweleza njiani kwamba jina lenyewe limetokana na Kikosi cha Wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza, waliokuwa na kambi pale wakati wa vita ile ile. Akaangalia nje muda wote hadi tukashuka. Alasiri tulikuwa Makumbusho ya Taifa, barabara ya Shaaban Robert, mtoto akayaganda magari ya zamani ya viongozi mpaka nikamvuta mkono. Saa kumi na moja tuko chumbani, mama ameoga, amejinyoosha kitandani. Sehemu hizo zote, hakuna hata moja iliyotuchukua nusu saa kuifikia. Kwa mtu mzima wa miaka sabini, kuweza kurudi chumbani kupumzika katikati ya mizunguko ni anasa inayozidi bwawa la kuogelea.

Kuhusu nyota, tuelewane. Nyota rasmi hutolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vigezo hivyo vinapima majengo, vifaa na huduma, na ni vizuri vipo. Lakini hoteli nyingine hujipachika nyota zenyewe kwenye matangazo, kwa hiyo uliza nyota zimetoka kwa nani. Halafu kuna jambo ambalo hakuna nyota inayoweza kukuonyesha, nalo ni jinsi watakavyompokea mzazi wako.

Kwenye hoteli ile ya kwanza, mdada wa mapokezi alitusemesha Kiingereza. Mama alimsalimia kwa Kiswahili, yeye akanigeukia mimi, akaendelea na Kiingereza chake, akasukuma fomu juu ya kaunta. Mama alisimama muda wote huo na miguu yake iliyovimba. Niliumia, na mpaka leo nikikumbuka naumia. Nimelipa laki nyingi mama yangu aheshimiwe kwa siku tatu, halafu kwenye mlango wa kwanza tu anaonekana kama mzigo nilioubeba.

Hoteli ya pili ina mashine ya ukaguzi mlangoni kama zilivyo kubwa zote. Mama alikuwa na kikapu chake cha ukindu, ndani kuna korosho alizobangua mwenyewe kwa ajili ya shangazi. Mlinzi, kijana mdogo, akasema, "Mama, naomba nikupokee kikapu kipite hapa," akakishika kwa mikono miwili, akakiweka kwenye mkanda taratibu, akaenda upande wa pili kukipokea. Mdada wa mapokezi akatoka nyuma ya kaunta. "Shikamoo mama. Poleni na safari. Mmetoka Mtwara? Barabara ya Somanga sasa hivi ikoje?" Akamkalisha kwenye kochi, akachuchumaa pembeni yake, akaijaza fomu hapo hapo. Chumba chenyewe nilikipata kwa laki nne na nusu kwa usiku, na hata kama kitanda kingekuwa kibovu, kwa mapokezi yale ningerudi.

Sasa, utajuaje mambo haya ukiwa bado uko Mtwara? Piga simu. Programu za kubuku zina kazi yake, lakini mimi silipi mahali ambapo sijasikia sauti ya mtu. Piga saa za usiku pia, usikie anayepokea zamu ya usiku anajibuje. Uliza bei ya mkazi, maana hoteli nyingi kubwa zina bei ya wakazi na bei ya wageni wa nje, na usipouliza si wote watakaokukumbusha. Uliza kama bei hiyo ina VAT ndani yake au itaongezwa siku ya kuondoka. Wakikutajia dola, sema unataka shilingi, kwani tangu mwaka 2025 kuna kanuni inayokataza huduma za ndani kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Uliza bei ya Ijumaa hadi Jumapili, kwa sababu hoteli za katikati ya mji zinaishi kwa wageni wa kazi na mikutano, na wakiondoka mwisho wa wiki mara nyingi utapunguziwa. Siku za Sabasaba usitegemee punguzo.

Uliza mambo ambayo unaona haya kuyauliza. Chooni kuna bomba la maji la kujisafishia, au karatasi tu? Kwetu hilo si dogo, na zipo hoteli za fedha nyingi ambazo jibu lake ni karatasi. Kibla wameionyesha? Chai ya asubuhi ina mihogo, viazi na supu, au ni mikate na soseji? Juu ya paa kuna muziki Ijumaa usiku? Kama upo, omba ghorofa ya kati, upande usiotazama huko. Hoteli nzuri itakujibu yote haya bila kukufanya ujione mshamba.

Na sisi wa kusini tuna swali la ziada: tarehe inaweza kusogezwa bila kupoteza fedha? Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara yetu maeneo ya Somanga na wasafiri wakakwama. Mtu aliyelipa hoteli isiyorudisha wala kusogeza tarehe, hasara ni yake. Mimi sasa nataka jibu hilo kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp.

Lipo jambo zito kuliko bei, na najua wengi linawasumbua kimya kimya. Ndugu zetu wako Dar. Mbagala, Tandika, Temeke, kila familia ya Mtwara ina mtu huko. Ukilala hoteli, maneno yanaanza: amepata vijisenti, sasa anatukimbia. Shangazi yangu wa Mbagala alinuna wiki nzima mwaka ule wa kwanza, na sikumlaumu. Lakini mama akifikia kwa shangazi, saa kumi na mbili asubuhi yuko jikoni anakuna nazi, kwa sababu hawezi kukaa akipikiwa nyumbani kwa wifi yake. Miaka arobaini mama yangu ameamka kabla ya wote. Nilitaka asubuhi mbili tu aamke, akute kitanda si chake kukitandika na chai si yake kuichemsha.

Kwa hiyo mara ya pili nilimpigia shangazi kabla sijalipa. Nikamweleza hivyo hivyo nilivyoandika hapa. Kisha nikaiuliza hoteli kama wageni wanaruhusiwa kututembelea chumbani na mpaka saa ngapi. Hilo nalo liulize mapema, usije ukamwona ndugu yako anazuiwa mlangoni mbele ya macho yako. Jumapili shangazi akaja, amevaa doti mpya, akakabidhiwa korosho zake. Walikaa dirishani ghorofa ya saba wanaangalia pantoni likienda Kigamboni na kurudi, likienda na kurudi, watu wanamiminika kama siafu. Bahari ile mama hakuichoka, maana ilikuwa na shughuli zake. Wakakumbushana meli za abiria zilizokuwa zikitoka pale kwenda Mtwara, nani alitapika, nani alipata mchumba melini. Walicheka mpaka mhudumu aliyeleta chai akacheka nao bila kujua kisa.

Desemba hii tunakwenda tena. Nimeshapiga simu, nimepewa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, upande wa bandari. Jana nikamwambia mama chumba kimepatikana. Akaniuliza kina vitanda vingapi, nikamwambia viwili. Akasema, "Basi waambie waongeze cha tatu, wifi yangu naye alale."