Mchoraji na Deni la Mpiga Picha

Kiswahili kina neno moja tu, picha, na kutofautisha kimewaachia watenda: huyu anaipiga, yule anaichora. Ukisema "nimeona picha ya Lumumba", mwenzako hajui kama ni ya kamera au ya brashi mpaka uendelee. Hilo hunijia kila nikipita kwenye kibanda cha mchoraji mmoja hapa Dar es Salaam. Simu ameifunga kwa raba kwenye kona ya turubai, picha ya mteja ameikuza mpaka jicho moja limejaa kioo kizima, naye analihamisha jicho hilo kwa penseli, mraba kwa mraba. Wapita njia hugawanyika palepale. Wa kwanza: "Ebwana, kama foto!" Wa pili, akishasogea hatua tatu: "Sasa hapo kachora nini? Si kanakili?"

Ubishi huohuo uko kwenye majumba makubwa ya sanaa, ila kule umevaa suti. Tangu miaka ya 1960 wachoraji wengi wenye majina hawaanzi na mtu aliyekaa mbele yao. Wanaanza na picha iliyokwisha kupigwa, mara nyingi na mtu mwingine. Lawama wanazotupiwa ni mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya uvivu: kunakili si kuchora. Nyingine ni ya haki: hicho ulichonakili ni cha nani?

Ya kwanza naiona nyepesi, ingawa haikosi ukweli. Kamera ya simu ikisogezwa karibu na uso hukuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Anayehamisha miraba bila kuwahi kumkalisha mtu akamchora ana kwa ana ataihamisha na pua hiyo, na mteja atalalamika kwamba baba yake "hakuwa hivi" bila kujua kosa limetoka kwenye lenzi. Picha ya kuchora iliyotokana na kamera mara nyingi hujulikana kwa ulemavu wa aina hiyo. Huo ndio uvivu wenyewe, nao upo mwingi tu.

Lakini mtazame Gerhard Richter, Mjerumani aliyezaliwa Dresden mwaka 1932 akahamia upande wa Magharibi mwaka 1961. Mwaka 1965 alichukua picha ya albamu ya familia na kumchora mjomba wake Rudi: kijana ndani ya sare ya jeshi la Hitler, anatabasamu, kama aliyepigwa picha kabla ya safari. Rangi ikiwa bado mbichi, Richter akapitisha brashi kavu juu yake, mjomba mzima akafifia kana kwamba kamera ilitikisika. Kwenye albamu picha ile ilikuwa ukumbusho wa ndugu aliyefia vitani. Kwenye turubai unakodoa macho uuone uso vizuri, na kila ukikodoa hauji. Unabaki umesimama mbele ya mtu mcheshi aliyevaa nguo zile, hujui umpe mkono au umpe mgongo. Aliyenakili tu hakufikishi hapo.

Lawama ya pili ndiyo nzito, na wachoraji wengi huikwepa kwa maneno matamu ya "kuvutiwa" na "kutafsiri upya". Mwaka 2015 mahakama ya Antwerp, Ubelgiji, ilimkuta mchoraji wa huko, Luc Tuymans, na hatia ya kunakili bila idhini. Alikuwa amemchora mwanasiasa Jean-Marie Dedecker kutoka kwenye picha iliyopigwa na Katrijn Van Giel, mpiga picha wa magazeti: uso karibu kabisa, umekatwa juu ya kipaji, jasho linang'aa. Tuymans alijitetea kwamba ile ni kejeli. Mahakama haikukubali, na baadaye wawili hao wakamalizana nje ya mahakama. Nimezitazama zote mbili kwa muda. Rangi ni ya Tuymans, hilo halina shaka. Lakini jasho lile, mkato ule wa kipaji, na kuwahi sekunde ile ambayo mwanasiasa amesahau kujitengeneza, ni vya Van Giel. Yeye ndiye aliyesimama pale.

Marekani nao walifika mpaka Mahakama ya Juu. Mwaka 1984 mpiga picha Lynn Goldsmith alilipwa dola 400 ili picha yake ya mwanamuziki Prince, aliyoipiga mwaka 1981, itumike mara moja kama kielelezo cha mchoro gazetini. Msanii Andy Warhol ndiye aliyepewa kazi. Akautengeneza ule mmoja, kisha akaongeza nyingine 15 ambazo Goldsmith hakuambiwa. Prince alipofariki mwaka 2016, wachapishaji wa gazeti walilipa wakfu unaosimamia kazi za Warhol dola 10,000 kuchapa mojawapo. Goldsmith hakupata senti. Mei 2023 majaji saba dhidi ya wawili walimpa haki, kwa hoja kwamba picha ya Prince kwa ajili ya gazeti ni soko lilelile la mpiga picha, hata kama rangi imebadilika kuwa ya chungwa. Jaji Elena Kagan alipinga vikali: sanaa, kwa mtazamo wake, imekuwa ikijengwa juu ya kazi za waliotangulia, na kuifungia njia hiyo ni kuinyima pumzi. Namwelewa. Ila sioni pumzi gani ingekatika kwa kumpigia simu mama wa watu na kumlipa.

Wapiga picha nao hawana mikono mitupu ya ukopaji. Wale wa Likoni, pale kwenye kivuko cha Mombasa, miaka ya 1990 walikuwa wakiwasimamisha abiria mbele ya mapazia ya kuchorwa: meli, ndege, maghorofa ya miji ambayo mteja hajakanyaga. Bila mchoraji wa pazia, biashara haipo. Kule Kanada mpiga picha Jeff Wall mwaka 1993 aliunganisha kwa kompyuta picha zaidi ya 100 kupata moja tu ya upepo unaopeperusha makaratasi, akifuata mchoro wa Hokusai wa Japani. Ile nayo tuseme imepigwa au imechorwa? Ukopaji ni wa pande zote. Tofauti ni kwamba Hokusai alikuwa amekufa zamani, na Wall alimtaja kwenye jina la kazi yenyewe.

Turudi kwa Tuymans, maana ndiye anayenizuia nisimalize kesi haraka. Mwaka 2000 mchoraji huyuhuyu alimchora Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji, kutoka kwenye picha ya kamera: uso tu, rangi zimepauka kama kitu kilichosahaulika juani. Aliuonyesha kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2001 ndani ya banda la Ubelgiji, mwaka uleule ambao tume ya bunge la nchi hiyo ilikiri kwamba Ubelgiji ina wajibu wa kimaadili katika kifo chake. Hapa ile lawama ya wizi hainiingii. Uso ule Wabelgiji waliuona magazetini miaka 40 na wakazoea kuupita. Ukitundikwa ndani ya banda la taifa lao, haupitiki.

Na bado yupo mchoraji aliyefanya zaidi ya hapo, tena akiongea Kiswahili. Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi, Kongo, mwaka 1973 na 1974, alichora historia ya nchi yake kwa picha zipatazo 100 juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na kumsimulia mtafiti Johannes Fabian moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha Shaba, jina jingine la Katanga. Kukamatwa kwa Lumumba mwishoni mwa 1960 kulikuwa na ushahidi wa kamera: mikono nyuma, lori, wanajeshi. Kifo hakikuwa nao. Januari 17, 1961, aliuawa Katanga pamoja na wenzake wa siasa Maurice Mpolo na Joseph Okito, miili ikaja kuyeyushwa kwa tindikali, na kilichorudishwa kwa familia mwaka 2022 ni jino. Hakuna picha ya kifo hicho iliyowahi kuonekana na umma. Tshibumba akaichora: maiti tatu zimelala, misalaba mitatu nyuma yake, na damu ya Lumumba inaandika chini neno la Kifaransa la "umoja". Tshibumba alijiita mwanahistoria, na mbele ya picha hii sioni pa kumbishia. Pale waliohakikisha hakuna picha walipofanikiwa, brashi ndiyo iliyobaki.

Mpiga picha atasema, na atakuwa sahihi, kwamba damu haiandiki maneno. Kama lile lori la 1960 lingekuwa limechorwa tu, waliomtesa wangelicheka na kuliita uzushi. Kamera ndiyo iliyowanyima nafasi ya kukana. Labda ndiyo maana Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi aliyezaliwa 1978, hakushika brashi. Alikata wafanyakazi wa picha za kikoloni na kuwapandikiza juu ya magofu ya migodi aliyoyapiga mwenyewe mwaka 2006, wale kwa rangi nyeusi na nyeupe, magofu kwa rangi zake. Amepanga kama mchoraji, ila kila mtu aliyemo aliwahi kusimama mbele ya lenzi kweli.

Kibandani, juzi, dada mmoja alileta pasipoti saizi mbili. Ya baba yake imebanduliwa kwenye kitambulisho cha kazi cha zamani, nusu duara ya muhuri imepita begani. Ya mama yake imeanza kupata manjano. Wazazi hawakuwahi kupigwa picha wakiwa pamoja, naye alitaka wakae benchi moja. Mchoraji alizipanga pembeni ya rula, akazitazama sana. Hakuna aliyeuliza nani alizipiga. Hata mimi niliyeandika haya yote sikuuliza. Muhuri alisema atauficha kwa kola ya koti. Kilichomsumbua ni kwamba kwa baba mwanga umetoka kushoto, kwa mama umetoka kulia, na wakikaa benchi moja hauwezi kutoka kote.

"Nifuate wa nani?" akauliza.

Dada akafikiri kidogo. "Wa mama."