Mpeni mwanakemia kazi zote mbili, utafiti na ufundishaji, lakini mpeni na muda

Swali lililogeuza utafiti wangu halikutoka kwa msimamizi wangu wala kwenye jarida la kisayansi. Lilitoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, siku tulipokwenda korona, yaani kwenye mashine ya kuchakata mkonge, huko Muheza mkoani Tanga. Alikuwa ameziba pua kwa mtandio kwa sababu ya harufu. Akatazama lundo la majani ya mkonge, akatazama vichupa vyangu vya sampuli, akauliza: "Dokta, haya majani yamekatwa lini?"

Sikuwa na jibu. Kwa miezi mitano nilikuwa nachota maji ya mkonge palepale, naandika tarehe, jina la shamba, umri wa mimea, hata hali ya hewa. Saa zilizopita tangu jani likatwe shambani hadi lipite kwenye mashine, hizo sikuwahi kuziandika. Binti huyu amekulia kambini, kwenye makazi ya wafanyakazi wa mkonge, babu yake alikuwa mkata mkonge, na kwao kila mtu anajua kwamba jani likilala sana halitoi singa, yaani nyuzi, safi. Aliuliza kama mtu anayeuliza samaki amevuliwa leo au jana.

Kwa msomaji asiye wa Tanga niseme kwamba korona yetu haina uhusiano na ugonjwa. Ni mashine inayoponda majani ya mkonge na kukwangua nyama yake ili zibaki singa, na jina hilo wazee wetu walilitumia miaka mingi kabla ya 2020. Maji hupita juu ya majani yanapopondwa, na kinachobaki, maji ya kijani yaliyochanganyika na makapi, hutiririka mferejini. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Zinazobaki zote ndizo hizo unazozisikia kwa pua ukipita barabarani.

Utafiti wangu uko humo mferejini. Maji ya mkonge yana saponini, kemikali za mimea zinazotoa povu kama sabuni, na ndani ya baadhi ya saponini hizo mna kitu kinaitwa hekojenini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanakemia wa Uingereza walionyesha kwamba mkonge ni chanzo kizuri cha hekojenini, nayo ni malighafi ya kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Kwa hiyo mkoa huu, ambao mkonge uliingia kupitia Pangani mwaka 1893 kwa vichipukizi 62 tu vilivyopona safari ndefu kutoka Florida, umekuwa ukimwaga malighafi ya dawa mtoni kwa zaidi ya miaka mia moja. Hale palijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme, na ni hatua ninayoiheshimu sana. Mimi nataka tujue pia ni nini kinaweza kutolewa kabla mabaki hayajawa gesi.

Sasa nirudi kwa yule mwanafunzi, maana yeye ndiye hoja yangu.

Ajira yangu ni ya mkataba wa miaka mitatu, mtafiti wa baada ya uzamivu. Siku tatu za wiki ni za maabara, siku mbili ni za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Nafundisha kozi moja kwa muhula, na praktiko zake, yaani vipindi vya majaribio ya maabara, nazisimamia mwenyewe. Nina msimamizi wa utafiti, na nina mhadhiri mwandamizi ambaye kila baada ya wiki chache huja kukaa kiti cha nyuma darasani kwangu, kisha tunakaa naye kuzungumza nilipofundisha vizuri na nilipowapoteza watoto wa watu. Nasema bila kusita kwamba hii ndiyo njia ambayo kila mwanakemia kijana wa nchi hii angepaswa kuipitia kabla ya kukabidhiwa uhadhiri kamili. Kwa sasa karibu hatuna nafasi za namna hii, na tunaumia kwa kuzikosa.

Najua kwa sababu nilipita njia nyingine. Kabla ya hapa nilifundisha chuo kingine ambacho sitakitaja. Niliingia na shahada yangu ya uzamivu ikiwa bado ya moto, nina makala mbili zilizoandikwa nusu, nina wazo la tatu. Muhula wa kwanza nilipewa kozi nne. Darasa moja lilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia tatu, kipaza sauti kimoja, na praktiko zilizopangwa kwa zamu kumi na mbili. Nilikuwa nasahihisha ripoti hadi usiku wa manane. Makala zile mbili hazikumalizika. Baada ya miaka miwili niligundua kwamba nasoma noti zilezile mbele ya nyuso mpya, na kwamba sijashika kifaa cha maabara kwa mkono wangu, kwa ajili ya swali langu mwenyewe, tangu siku niliyowasilisha tasnifu. Hakuna aliyenitakia mabaya. Ndivyo kazi ilivyopangwa tu.

Na kuna jambo ambalo hatulisemi vya kutosha. Hapa kwetu mtu huingia kwenye ngazi ya ufundishaji wa chuo kikuu kwa alama. Ukiwa na GPA ya 3.8 kwenda juu katika shahada ya kwanza, mlango wa msaidizi wa mafunzo unafunguka. Alama hizo ni muhimu, sizibezi. Lakini hazimwambii mtu yeyote kama unaweza kusimama mbele ya kijana aliyeogopa kemia tangu kidato cha pili ukamfanya aipende. Unafika kwenye uhadhiri bila mtu kuwahi kukaa kiti cha nyuma akakutazama unavyofundisha. Fundi cherehani hamwachii mwanafunzi wake suti ya harusi ya mteja siku ya kwanza, sisi tunawaachia wahadhiri wapya madarasa mazima.

Wapo wanaosema dawa ni kwenda nje, upate miaka miwili ya utafiti mtupu kwenye maabara zenye kila kitu. Wenzangu kadhaa wamekwenda na wamerudi wamekomaa sana kitaalamu, na nafasi ikitokea mtu aende. Ila utafiti mtupu haukufundishi kufundisha, na mashine uliyoizoea kule mara nyingi haikusubiri huku. Nimemwona rafiki yangu akirudi na ujuzi mkubwa, akatupwa moja kwa moja kwenye kozi nne kama mimi. Ujuzi ule ulizimika ndani ya mwaka.

Kuunganisha mambo haya mawili si uzushi. Justus von Liebig alipopewa uprofesa Giessen, Ujerumani, mwaka 1824, akiwa na miaka 21, alijenga sifa yake kwa kuwaingiza wanafunzi maabara wafanye kazi halisi ya uchambuzi pamoja naye, na kemia ya vyuo vikuu duniani ikafuata nyayo hizo. Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, taasisi zao za taifa za afya zilikuwa na mpango wa kugharimia watafiti wa baada ya uzamivu waliotumia takriban robo tatu ya muda kwenye utafiti na robo kwenye kujifunza kufundisha, tena mara nyingi wakifundisha kwenye vyuo vinavyohudumia wanafunzi wa jamii zilizoachwa nyuma. Walichokiona wao ndicho ninachokiona mimi kila Jumanne.

Maana Jumanne ni siku ya praktiko. Zamani wanafunzi wangu walikuwa wanapima asidi ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye lebo. Bureti, pipeti, kiashiria, rangi inageuka, unaandika. Na kwa kuwa jibu linajulikana, wanapika data. Usomaji ukitoka 24.9 na jirani ana 22.3, wote wawili wanaandika 23.6 na maisha yanaendelea. Siwalaumu sana, kwa sababu tuliwafundisha kwamba kemia ni kufika mahali ambapo mwalimu amekwisha fika.

Sasa nawapa maji ya mkonge. Wiki ya kwanza ni jaribio rahisi kuliko yote: unatia maji kidogo kwenye neli ya kioo, unaziba kwa kidole chenye glovu, unatikisa kwa nguvu, unaweka kwenye kishikio, unatazama saa. Povu linapanda. Baada ya robo saa bado lipo, zito, kama la sabuni ya kufulia, na hapo ndipo wanaelewa kwa macho yao saponini ni nini. Glovu ni lazima. Siku ya kwanza korona mzee mmoja wa Kibondei aliniona nachota kwa mikono mitupu. Nikamsalimu shikamoo, akaitika marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, hayo maji yanawasha, utajikuna hadi kesho." Nilijikuna hadi keshokutwa.

Wiki zinazofuata tunachemsha na asidi hidrokloriki ili sukari iachane na sehemu nyingine ya saponini, tunachuja, tunakausha, tunapima. Jibu silijui. Nawaambia hivyo wazi. Usomaji unapotofautiana na wa jirani hawana wa kumwiga, inabidi wakae wajadili kwa nini. Mara ya kwanza darasa lilinyamaza kabisa, wakanitazama kama nimewaficha kitu. Muhula ulipokwisha, wale wale walikuwa wanagombana kwa sauti juu ya sampuli ipi ilikaa juani.

Na swali la yule binti? Tulirudi, tukaanza kuandika saa. Vimeng'enya vya jani haviachi kazi eti kwa sababu jani limekatwa. Vinaendelea, na bakteria nao wanaanza yao. Tulipopanga sampuli kwa saa badala ya tarehe, sehemu kubwa ya tofauti zilizokuwa zikininyima usingizi ilipata maelezo. Ningeweza kukaa peke yangu maabara mwaka mwingine mzima nisilione. Nililiona kwa sababu siku hiyo nilikuwa mwalimu na nilikuwa na wanafunzi thelathini ndani ya basi la Kosta.

Najua pingamizi kubwa litatoka wapi. Vyuo vina uhaba wa wahadhiri, wanafunzi wanaongezeka kila mwaka, kwa nini umlipe mtu afundishe kozi moja? Ninawaelewa wakuu wa idara, wao ndio wanaotakiwa kujaza ratiba. Lakini mhadhiri wa kozi nne anayechoka akiwa na miaka thelathini na tano, akasoma noti zilezile kwa miaka thelathini iliyobaki, huyo ndiye ghali. Miaka mitatu ya kumlea ni midogo.

Hatari ninayoiogopa zaidi iko upande mwingine: chuo kupenda jina na kuacha maana. Kumwita mtu mtafiti wa baada ya uzamivu, kumpa mkataba mfupi na mshahara mdogo, kisha kila mhadhiri akisafiri kozi yake inaangukia kwake. Hiyo itakuwa ni kutafuta kibarua mwenye shahada ya udaktari. Ndiyo maana nashikilia kwamba idadi ya kozi iandikwe kwenye mkataba, na siku za maabara ziandikwe, na bajeti ya kemikali iwe na fungu lake lisiloguswa. Na mtu ajue mapema mwisho wa miaka mitatu kuna mlango gani, hata kama ni mlango wa kushindania.

Mkoa wa Tanga una mahali pa kuanzia kuliko sehemu nyingi. Amani palikuwa na taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe tangu 1902, Mlingano pana kituo cha utafiti wa mkonge tangu 1934. Mkonge upo, chokaa na saruji vipo, mwani upo pwani ya Mkinga, chemchemi za salfa zipo hapo Amboni. Kila kimoja ni praktiko ya muhula mzima inayomsubiri mwalimu mwenye muda.

Mkataba wangu una miezi kumi na minne iliyobaki. Yule binti sasa yuko mwaka wa tatu, na mradi wake wa kuhitimu ni juu ya saa zile: anakata jani mwenyewe alfajiri, analipima kila baada ya saa sita kwa siku mbili, analala kwa bibi yake kambini ili asikose vipimo vya usiku. Jumamosi nakwenda kumpelekea vichupa, vilivyobaki havitamtosha.