Wekundu wa Oktoba: mgeni aliyepigwa marufuku na wenyeji wanaochagua udongo

Ukipita mitaa ya Lewiston au Portland, jimbo la Maine, katikati ya Oktoba, kichaka kinachokuvuta macho kwanza mara nyingi si cha asili ya Marekani. Ni Euonymus alatus kutoka Asia ya mashariki, ambacho Wamarekani wamekipa jina la kile kijiti cha Musa kilichowaka moto kisiteketee. Tangu Januari 2018 Maine imepiga marufuku kukiuza. Waliokuwa nacho uani hawakuamriwa kukikata, na hapo ndipo mjadala ulipo: king'olewe, nafasi yake ichukuliwe na mimea ya asili, au kiachwe?

Hoja ya wanaokitetea si ya kubezwa. Kichaka hiki hakiulizi udongo. Kwenye mfinyanzi, kando ya barabara, kwenye ua uliomwagiwa majivu miaka kumi, kitaota tu, na kikipata jua kitakuwa chekundu kila mwaka. Kwa mpangaji asiyejua kama Oktoba ijayo atakuwa nyumba hiyohiyo, habari ya kupima udongo ni kumchosha bure.

Tatizo liko nje ya ua. Ndege hula tunda lake dogo na kuangusha mbegu msituni, na kwa kuwa miche yake huvumilia kivuli, hujazana chini ya miti na kuiziba miche ya miti yenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, mwenyeji kaugua. Kwa upande huo sioni cha kujadili. Ninachokipinga ni ahadi ya baadhi ya wauzaji kwamba mmea wa asili utakupa wekundu uleule bila jasho.

Chukua bluberi ndefu, Vaccinium corymbosum. Wekundu wake umeiva kama divai, na Julai na Agosti unakula matunda, jambo ambalo yule mgeni hawezi. Lakini inataka pH (kipimo cha uchachu wa udongo; namba ikishuka, uchachu unazidi) ya 4.5 hadi 5. Ukiipanda penye 6.5, mwaka wa pili majani yanakuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani: chuma kimo udongoni, ila mizizi haiwezi kukichukua. Watu wengi huona manjano hayo wakaongeza mbolea, au vibaya zaidi, majivu. Majivu yanayosaidia mchicha na maharage hupandisha pH, na kwa bluberi ni sumu ya polepole. Dawa ni salfa ya unga: kushusha tifutifu kutoka 5.5 hadi 4.5 huhitaji takriban kilo moja kwa mita 9 za mraba, nayo ichanganywe udongoni mwaka mmoja kabla ya kupanda, maana bakteria ndio wanaoigeuza kuwa asidi, na kwenye baridi hawafanyi kazi. Matandazo yawe maranda au sindano za msonobari, sentimita 7 hadi 10.

Asiye na subira hiyo apande Aronia melanocarpa, kichaka cha asili chenye matunda meusi. Huvumilia maji na ukame, haina makuu na pH, na huwaka rangi ya chungwa na nyekundu. Hutoa machipukizi pembeni, basi uyakate. Rhus typhina, kichaka kirefu cha asili, ni nzuri kuliko zote machoni pangu, lakini machipukizi yake hutokeza mbali na shina. Kwenye ua mdogo ni ugomvi na jirani.

Ilex verticillata, kichaka kingine cha asili, nayo huwakera wanunuzi wasioambiwa kwamba kuna mmea dume na mmea jike. Majani yake hayana rangi ya kusifia. Uzuri ni matunda mekundu yanayobaki kwenye vijiti vitupu theluji ikianguka. Bila dume linalochanua wakati mmoja na majike, hupati hata tunda moja. Dume 'Jim Dandy' huenda na jike 'Red Sprite'. Kwa jike 'Winter Red' linalochelewa kuchanua, tafuta dume 'Southern Gentleman'.

Kuhusu miti mikubwa, Acer rubrum (mepo mwekundu) iliyooteshwa kwa mbegu ni bahati nasibu: mmoja huwa mwekundu, nduguye wa kitalu kilekile huishia manjano. Aina zilizozalishwa kwa vipandikizi zina rangi ya uhakika, ila mtaa mzima huwa mti mmoja uliorudiwa. Njia ya kati ni kununua mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, mche ukiwa tayari umegeuka rangi na unauona, kisha kuupanda mara moja ili mizizi ipate wiki kama sita kabla ardhi haijaganda. Shimo liwe na kina cha bonge la mizizi, upana mara mbili au tatu. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi paonekane juu ya udongo.

Na ukiamua kumng'oa mgeni, usikate shina ukaondoka: litachipua. Toa kisiki na mizizi. Kisha pita ua mzima siku ambayo udongo umelowa, ung'oe miche midogo kwa mkono, na urudie masika yanayofuata, maana mbegu zilizokwisha kuanguka bado zitaota.