Nani atakaa naye?

Kazi yangu huku ughaibuni ni kuhudumia wazee, na humo najiuliza kama mashine zinatubadilisha utu. Mmoja wao ana kifaa kifuani kinachosukuma mapigo ya moyo. Mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa cha aina hiyo, Arne Larsson wa Sweden, alipasuliwa mwaka 1958, akaishi hadi 2001. Sijaona utu wa mzee wangu ukipungua kwa sababu ya betri. Ananitania, ananigombeza, maisha yanaendelea.

Kinachonisumbua ni kile anachopakata. Ni Paro, roboti kutoka Japani yenye umbo la mtoto wa sili na manyoya laini. Ukimpapasa hugeuza shingo, hufumba macho, hulia. Mzee humpapasa taratibu kutoka kichwani hadi mkiani, halafu huniuliza kwa sauti ya chini kama amelala. Anatulia kweli, nami nashukuru. Simshangai pia. Mwaka 1966 mwanasayansi wa kompyuta Joseph Weizenbaum alieleza programu yake ya kompyuta ELIZA, iliyomrudishia mtu maneno yake kama maswali. Katibu wake alijua fika kuwa ile ni programu tu, lakini alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha.

Ila tangu Paro aje, sisi wahudumu tunakaa kidogo zaidi chumbani mle. Mzee ametulia, basi tunapita. Hapo ndipo ninapoona tunabadilika, sisi tulio wazima.

Nyumbani, mama haoni vizuri herufi za simu, hivyo ujumbe wangu husomewa na yeyote aliye karibu. Zamani nililalamika kwamba hatuna siri. Siku hizi nafurahi kwamba kila ninapoandika, kuna mtu anavuta kiti na kuketi kando yake.

Lakini nisijidanganye kwamba nyumbani kumesalimika. Juzi nilifiwa na rafiki, mpwa wangu akanitumia rambirambi ndefu, kila koma mahali pake. Kijana huyu hajawahi kuniandikia mistari miwili. Nilipompigia akakiri kwamba programu ya akili mnemba ndiyo iliyoandika, maana aliogopa kukosea. Nilimwelewa, ila iliniuma. Nikamwomba aniambie mwenyewe.

Alinyamaza, nikawa nasikia pumzi zake tu.

“Pole, mjomba. Hata sijui niseme nini.”

Nikalia, naye hakukata simu.