Nimevuka Bahari Kula Kunde

Kunde nilizisusa mimi, na Mbagala nzima ni mashahidi. Mama Zuhura alizipika siku tatu mfululizo, siku ya nne nikasukuma sahani nikatangaza kwamba katika nyumba hii mimi na kunde tusionane tena. Nikatoka kwenda kula chipsi mayai. Sasa sikieni yaliyonikuta Harlem.

Nina mpwa wangu anaendesha teksi New York. Kanitumia tiketi nikamtembelee, Mungu amzidishie, ila mtoto yule ana maradhi ya historia. Tarehe 29 Desemba, baridi ya kung'oa masikio, badala ya kuniacha nijikunyate kwenye blanketi ananiambia, "Mjomba amka, leo nakupeleka Harlem, makao makuu ya watu weusi wa Marekani." Nikamuuliza kama makao makuu hayo yana hita. Akajifanya hajasikia.

Tukaibuka kutoka treni ya chini ya ardhi mtaa wa 125. Mitaa ya kule wameipa namba, kama wafungwa. Kando ya njia meza za wachuuzi zimejipanga: uvumba, mafuta ya kujipaka, kofia za kitenge, fulana zenye sura ya Malcolm X. Kariakoo kabisa, imekosekana jasho tu. Mara mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akanikazia macho, akapaza sauti: "Habari gani!"

Jamani! Wiki mbili nilikuwa nasalimiwa kwa kutikisiwa kidevu. Machozi yakanilenga. "Nzuri mzee wangu, shikamoo, za nyumbani? Watoto hawajambo?" Mzee akatikisa kichwa kama mwalimu aliyekata tamaa. "Ujamaa," akanisahihisha.

Mimi. Mswahili. Nimesahihishwa "habari gani."

Kumbe ilikuwa siku za Kwanzaa. Mpwa akanieleza kwamba sikukuu hiyo ya Wamarekani weusi aliianzisha mwanaharakati Maulana Karenga kule California mwaka 1966. Ni siku saba kuanzia tarehe 26 Desemba, na kila siku ina neno lake la Kiswahili. Ukiulizwa habari gani, unajibu kwa neno la siku: Umoja, Kujichagulia, Ujima, na ya nne ndiyo hiyo Ujamaa. Vizuri sana, lugha yetu imepata heshima. Lakini mimi Ujamaa naujua kwa foleni. Nimesimama na mfuko wa sukari tangu alfajiri, nimefika dirishani naambiwa imebaki sabuni. Nikamwambia mzee, basi kwa huo Ujamaa nipunguzie hii kofia. Alivyonitazama! Dola 25, haishuki hata senti. Nikainunua, masikio yalikuwa yanakaribia kudondoka.

Kutoka hapo ni mwendo wa kunyooshewa vidole. Lile jengo jeupe lilikuwa Hoteli Theresa, ndipo Fidel Castro wa Cuba alipohamia mwaka 1960 baada ya kugombana na hoteli ya katikati ya mji, na Khrushchev, mkuu wa Urusi ya Kisovieti, akamfuata huko huko. Mimi wakati huo nina shida ya choo. Nikauliza, tunaweza kuingia? "Hapana Mjomba, siku hizi ni ofisi." Haya, pale ni Apollo, ukumbi wa muziki. Mwaka 1934 Ella Fitzgerald, yule mwimbaji wa jazz, akiwa bado binti wa miaka 17, alipanda jukwaani kwenye shindano la wasanii wachanga akiwa amepania kucheza dansi. Kuona wachezaji waliomtangulia, moyo ukamtoka, akaimba badala yake na akashinda. Ukiboronga pale watazamaji wanakuzomea, na anatokea jamaa wa kukufagia utoke jukwaani. Huyo jamaa nikatamani nimkodi kwa harusi zetu, kuna shemeji yangu mmoja akishika maiki haiachii. Lakini choo, bado.

Mtaa wa 135 kuna kituo kinaitwa Schomburg, hazina ya vitabu na nyaraka za watu weusi. Mlango uko wazi, ndani joto. Niliingia kwa kasi ambayo mpwa aliisoma kama mapenzi ya elimu. Sakafuni pana duara limenakshiwa vizuri, nikasimama katikati nikanyoosha miguu, damu irudi. Mpwa akaninong'oneza, "Mjomba, hapo chini wamezika majivu ya Langston Hughes, yule mshairi."

Niliruka. Nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa, na nyingine nikazitunga palepale. Kwetu marehemu unamkuta makaburini, una taarifa. Huku wanamweka ukumbini, mgeni unakanyaga halafu ndiyo unaelezwa.

Baada ya hapo nikamwambia mpwa, historia imetosha, njaa imeshika usukani. Tukaingia mkahawa mmoja. Mhudumu, mama mtu mzima, akanikaribisha: "Kaa hapa, bebi." Nikageuka nyuma nione anaongea na nani.

Chakula kikaja. Nikatazama sahani, sahani ikanitazama. Kunde. Pembeni bamia. Pembeni sukuma wiki imepikwa ikalegea (nikanong'ona, humu hakuna kitimoto? Mpwa akauliza, akaambiwa ni bata mzinga wa moshi). Na mkate wa mahindi, wa njano. Wenye umri wangu mmeshaelewa: unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano wa enzi za foleni! Miaka arobaini nimeukimbia, kumbe umetangulia Harlem kunisubiri, umejipaka siagi. Mpwa anahubiri kwamba kunde na bamia zimetoka Afrika, wazee wetu waliouzwa utumwani ndio waliokuja kuzilima. Nikamwambia ndiyo maana, zimenitambua.

Na zilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nilifuta sahani kwa kidole.

Ikaja bili. Dola 64. Kisha kodi 8.875%, sijui hizo desimali tatu zinamnufaisha nani. VAT ya kwetu 18% imejificha ndani ya bei, inakung'ata bila kukuonyesha meno. Kisha mpwa akasema bakshishi 20%. Nikauliza, hiari? "Hiari, Mjomba, lakini ni lazima." Jumla dola 82 na senti 48, laki mbili na ushee za kwetu, kwa kunde.

Hapo hapo simu ya video, Mama Zuhura. Kabla sijaficha sahani akauliza, "Hiyo sahani ilikuwa na nini?" Nikamweleza kila kitu, kodi na bakshishi, nikitegemea pole. Mhudumu akapita nyuma yangu: "Umemaliza, bebi?"

Kimya. "Mpe simu mpwa wako," akasema.

Nimerudi Mbagala Jumapili. Mezani, kunde. Nikala bila neno. Nilipoweka kijiko Mama Zuhura akaja akasimama pembeni, mkono mmoja kiunoni, mwingine ameukinga mbele yangu.

"Umemaliza, bebi? Asilimia ishirini."