Nyuki wa Ras Kasone na makarani wa London

Hapa Tanga, kila yanapotajwa mapigano ya Waingereza na Wajerumani ya Novemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, sifa hupewa nyuki. Husimuliwa kwamba Waingereza waliteremka Ras Kasone kwa maelfu, risasi zikatoboa mizinga iliyotundikwa mitini, nyuki wakatoka kwa hasira na jeshi zima likakimbilia baharini. Nyuki walikuwapo kweli, na waliuma pande zote mbili. Lakini masimulizi hayo, pamoja na utamu wake, yametuzoesha kuamini kwamba vita huamuliwa uwanjani tu, na kwamba karani aliyeketi ofisini na kalamu yake ni mzigo kwa wapiganaji. Naona karani huyo amedhulumiwa, ingawa naye ana dhambi zake, na sitazificha.

Jeshi lililotua Tanga, watu wapatao 8,000, lilitoka Bombay chini ya Jenerali Arthur Aitken. Halikusimamiwa na Wizara ya Vita ya London, ambayo wakati huo ilikuwa imezama katika mapigano ya Ufaransa, bali na serikali ya India pamoja na Ofisi ya India, idara ya huko London iliyosimamia koloni hilo. Vikosi vyake vilikusanywa huku na huko bila kuwahi kufanya mazoezi pamoja, na baadhi yake vilikabidhiwa bunduki za aina mpya muda mfupi kabla ya safari. Upande wa pili, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao wakiwa wameletwa kwa reli kutoka Moshi. Waingereza waliporudi melini tarehe 5, waliacha nyuma bunduki mamia kadhaa, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi zipatazo 600,000. Hayo nyuki hawahusiki nayo. Kabla mwezi haujaisha, uendeshaji wa vita vya Afrika Mashariki ulihamishiwa Wizara ya Vita.

Wizara hiyo ilikuwa imepangwa upya mwaka 1904, baada ya aibu za vita vya Makaburu. Liliundwa baraza ambamo mkuu mmoja alishughulikia mipango ya mapigano, wa pili watu, wa tatu chakula na usafiri, wa nne silaha, huku mwingine akichunga fedha. Kwa maneno mengine, ilikubalika kwamba kumtafutia askari viatu ni kazi ya kivita sawa na kumwonyesha adui aliko.

Wanaozidharau ofisi hawakosi ushahidi. Mwaka 1915 mizinga ya Waingereza huko Ufaransa ilipungukiwa makombora, ikabidi iundwe wizara nyingine ya silaha chini ya David Lloyd George. Ushahidi wao mzito zaidi uko hapa kwetu. Lettow-Vorbeck alikatiwa mawasiliano na Berlin, akaendelea kupigana mpaka Novemba 1918. Kituo cha utafiti cha Amani, huko milimani Usambara, kilimtengenezea dawa ya homa, sabuni na mengineyo kutokana na miti na mimea ya humu humu. Meli ya Rubens, iliyotoka Ujerumani, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa mji wetu, Aprili 1915. Ikapigwa na manowari ya Waingereza, lakini sehemu kubwa ya shehena yake ya silaha iliopolewa. Mtu akitazama haya, ana haki ya kuuliza wizara ilikuwa ya nini.

Jibu langu ni kwamba jeshi la Lettow-Vorbeck nalo lilikuwa na bohari, ila bohari lenyewe lilikuwa ghala la mwanakijiji. Ugogo, njaa ambayo wenyeji waliiita Mtunya iliwafika baada ya majeshi ya pande zote mbili kupita na kuchukua nafaka, mifugo na vijana. Nasema pande zote mbili kwa makusudi, kwa kuwa Mwingereza naye, mara tu mkono wa bohari lake ulipoishia, aliishi vivyo hivyo. Askari anayesifiwa kwa kujitegemea, mara nyingi amemtegemea mtu ambaye hakuulizwa.

Tazama hesabu ya posho, neno ambalo kwa wengi wetu leo lina maana ya bahasha ya semina, lakini zamani lilikuwa unga wa siku. Tuseme mpagazi anabeba kilo 27 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku tano kwenda na tano kurudi, anafikisha kilo 17. Bohari likiwa mbali siku kumi, anafikisha kilo saba. Likiwa mbali siku 13 na nusu, hafikishi kitu. Amebeba chakula chake mwenyewe, ametembea siku 27 bure, na huko mbele kuna askari anayengoja. Hesabu hii haihitaji ushujaa, inahitaji mtu wa kuikokotoa mapema na kumkatalia jenerali anayetaka kusonga mbele. Unga wenyewe, ulipopikwa nusunusu kwa uhaba wa muda na kuni, uliwaletea wapagazi ugonjwa wa kuhara, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi.

Wangapi? Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu waliokufa katika vita hivyo wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Nimelirudia fungu hilo mara nyingi, na kinachonisumbua ni ile nafasi iliyo kati ya tarakimu mbili. Ni watu 234,000 ambao hatuwezi hata kusema walikuwapo au hawakuwapo. Wakazi wa mashamba ya mkonge wa mkoa huu wataelewa. Manamba, vibarua wa mashamba hayo, waliitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa, na jina hilo halikuwa la heshima. Lakini siku isiyowekwa alama kwenye kipande, yaani kadi ya kazi, ilikuwa siku isiyolipwa, na kila manamba alikilinda kipande chake kama mboni ya jicho. Mpagazi naye alivishwa kibati cha namba. Asiyekuwa nacho alikufa porini bila mtu yeyote kulazimika kumtafuta.

Hapa ndipo dhambi za karani zinapoingia, kwani si wote waliopotea walipotea kwa kukosa kuandikwa. Mishahara ya wapagazi waliokufa kabla ya kuichukua ilidaiwa London na serikali ya Kenya baada ya vita, na London ilikataa kulipa. Deni hilo lilijulikana kwa sababu karani mmoja aliliandika. Mwenzake wa ofisi nyingine akalifungia kabatini. Hata majina yaliyokuwamo madaftarini, wakubwa waliamua hayana haja ya kuchongwa kwenye mawe. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la hata mmoja wao halimo, wala namba.